Hadithi Nayo Ina Watani Wake

Usiku wa kwanza niliposoma kile kitabu kwa sauti, sikucheka hata mara moja. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikaacha kusoma, nikamwinua juu ya mito, nikampa maji, naye akanipungia mkono: endelea, usikate hapo. Nikaendelea. Mistari miwili mbele kacheka tena, safari hii hata sentensi sijaimaliza. Nikabaki najiuliza ameona nini ambacho kinapita mdomoni mwangu mwenyewe nami sikioni.

Huyu Mama si aliyenizaa. Ni mwanamke wa Kiingereza wa miaka 86 niliyekuwa namtunza nyumbani kwake, katika kijiji kimoja karibu na Salisbury, kusini mwa Uingereza. Kazi ya kea, ndivyo tunavyoiita sisi tunaoifanya. Nilikuwa nalala kwake siku 4 kwa wiki. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake kama wafanyavyo wao, nikashindwa. Kwetu Pangani mtu wa umri ule humwiti kwa jina kama unaita mtoto mwenzako. Nikamwomba nimwite Mama, akakubali, na siku zilivyokwenda akawa mwenyewe anajitaja hivyo akinipigia simu.

Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona dirisha lilipo na kivuli cha mtu mlangoni, lakini herufi hapana. Binti yake alimletea vitabu vya kusikiliza, akavisikiliza wiki mbili akavichoka, akasema anataka sauti ya mtu anayeweza kuambiwa "rudia hapo." Basi kila jioni, baada ya chakula na dawa, nilivuta kiti karibu na taa nikasoma.

Kitabu chenyewe kinaitwa Witches Abroad, kilitoka mwaka 1991, na mwandishi wake ni Terry Pratchett. Alikuwa kama jirani yetu, kwa sababu aliishi Broad Chalke, kijiji kisicho mbali na Salisbury, mpaka alipofariki mwezi Machi 2015. Kuanzia mwaka 1983 aliandika riwaya 41 zinazotokea katika ulimwengu mmoja wa kubuni: dunia bapa kama sahani, inayobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya gamba la kasa anayeogelea angani. Mwishoni mwa mwaka 2007 aliutangazia umma kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo na kumbukumbu. Vidole viliposhindwa kuchapa, akawa anatamka na mwingine anaandika, na vitabu vikaendelea kutoka. Mama alipenda kunikumbusha jambo hilo. Yule alihitaji mtu wa kumwandikia, alisema, na mimi nahitaji mtu wa kunisomea, basi hatuna cha kuonea haya.

Jina la kitabu lilinitia wasiwasi, sitaficha. Wachawi safarini! Mtu aliyekulia Tanga halichukulii neno mchawi kirahisi. Lakini nilipoingia ndani niliwakuta wanawake watatu ambao kwetu tungewaita mkunga na mganga wa kijiji: Granny Weatherwax, mkali, mnyoofu, asiyependa upuuzi, Nanny Ogg, mwenye watoto na wajukuu tele, anayependa kula, kunywa na kuimba, na Magrat, kijana bado, anayeamini kila alichosoma. Magrat anarithi kifimbo cha uchawi kutoka kwa mwanamke aliyekuwa na kazi ya kusimamia heri ya mabinti, kama somo wa kwetu anavyomsimamia mwari. Kifimbo chenyewe kila kinachoguswa nacho kinageuka boga. Wanatumwa mji wa mbali uitwao Genua kuhakikisha kwamba binti mmoja mtumishi, Ella, haolewi na mwana wa mfalme. Nilirudia kusoma mstari ule nikidhani nimekosea. Haolewi?

Kitu cha kwanza kilichonichekesha humo ni mkate. Wanawake wale wamebeba mkate wa vibete wachimba madini, mgumu kama jiwe, na sifa yake ni kwamba ukiwa nao njiani hutakufa kwa njaa. Si kwa sababu utaula. Ni kwa sababu kila ukiutazama unakumbuka vitu vingine vyote unavyoweza kula badala yake. Hapo nilicheka mpaka Mama akaniuliza vipi, kwa sababu hapakuhitaji elimu yoyote zaidi ya kuwahi kusafiri. Na zile barua za Nanny Ogg anazotuma nyumbani, zimejaa makosa ya herufi, akiwaeleza wanawe vituko vya chakula cha ugenini! Nilijiona mimi mwaka wangu wa kwanza, narekodi sauti kwenye simu usiku, namweleza mdogo wangu kwamba huku watu wanakula maharage ya mkebe asubuhi juu ya mkate.

Lakini sehemu kubwa ya vicheko vya Mama bado ilikuwa inanipita. Kuna mahali nyumba nzima inaanguka kutoka angani inamtua Nanny Ogg kichwani. Mama alianza kucheka neno "nyumba" lilipotajwa tu. Mimi niliogopa, nikadhani mhusika niliyempenda kuliko wote amekufa. Hajafa, kofia yake ilitiwa fito ndani, ikamkinga. Kisha anatokea kibete anayevitamani viatu vyake vyekundu, na Mama akawa anafuta machozi. Ilibidi aniweke chini anieleze. Kuna filamu ya Kimarekani ya mwaka 1939, iliyotokana na kitabu cha mwaka 1900, ambamo nyumba inapeperushwa na kimbunga, inamwangukia mchawi mbaya na kumuua, na viatu vyake vyekundu vinachukuliwa. Kila mtoto wa huko anaijua. Msomaji anajua nyumba ikianguka mchawi lazima afe, na mwandishi anajua kwamba msomaji anajua. Kicheko kinatoka kati ya hivyo viwili.

Ndipo nilipoelewa nina tatizo gani, na neno nililonalo kwa jambo hilo ni utani. Kwetu humtanii mtu usiyemjua. Ukimdhihaki mgeni ni matusi, na mtu akikutania kwa jambo usilolijua unamtazama tu. Mtani ni mtu ambaye ukoo wake na wako vinajuana tangu mababu, na ndiyo maana ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani. Huyohuyo anayewachekesha wafiwa na kuigiza mwendo wa marehemu ndiye utakayemwona anahangaika na shughuli za mazishi. Pratchett alikuwa mtani wa hadithi za kale za Ulaya. Mimi hadithi zenyewe sikuwa nazijua, nitachekaje utani wake?

Nikaenda maktaba ya mjini, siku yangu ya mapumziko, nikakaa upande wa watoto kwenye kiti kifupi kilichonifikisha magoti kidevuni. Nilisoma hadithi ya binti wa majivuni, Cinderella, ambayo ndiyo iliyomzaa yule Ella, kama alivyoiandika Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697: mle ndimo mlimo na boga linalogeuka gari na kiatu cha kioo. Kisha nikaisoma kama ndugu Grimm wa Ujerumani walivyoitoa mwaka 1812. Mle hamna boga wala kioo. Kuna mti juu ya kaburi la mama, na dada wa kambo mmoja anajikata kidole cha mguu, mwingine kisigino, ili kiatu kiwaenee, mpaka ndege wanapaza sauti kwamba kiatu kina damu. Nilishtuka. Hadithi ya msichana mwenye kofia nyekundu nayo, kwa Perrault mbwa mwitu anamla mtoto na habari imekwisha. Kwa akina Grimm anakuja mwindaji, anampasua mbwa mwitu tumbo, na bibi na mjukuu wanatoka hai. Kumbe hata hizo zinazoitwa za asili zimekuwa zikibadilishwa na kila aliyezishika.

Niliporudi kazini usomaji ulikuwa mwingine kabisa. Tulipofika kwa yule mwana wa mfalme wa Genua, ambaye kwa kweli ni chura aliyegeuzwa mtu na chumbani kwake kuna dimbwi, nilicheka pamoja na Mama kwa wakati mmoja, naye akanipiga kofi dogo la mkononi kama mtu anayempongeza mwanafunzi.

Hata hivyo mahali nilipokipenda kitabu kile kwa moyo wote si pa kuchekesha. Ni pale wanawake watatu wanapomkuta yule msichana anakwenda kwa bibi yake msituni. Mtu mwenye nguvu za uchawi amemtengeneza mbwa mwitu ili hadithi itimie: amemtia kichwani mawazo ya binadamu. Sasa si mnyama tena na wala hajawa mtu. Wanyama wenzake hawamtaki. Njaa inamuua na akili inamuuma. Anachoomba kwa maneno yaliyovunjikavunjika ni jambo moja tu, mwisho. Granny Weatherwax anamwita mkata kuni, na mnyama yule anailaza shingo mwenyewe.

Nilisoma kurasa zile polepole, sauti ikanigoma. Miaka yote hiyo watoto wamefundishwa kumwogopa mbwa mwitu, na hakuna aliyemuuliza kama yeye alitaka kuwemo kwenye hadithi hiyo.

Halafu Granny anafanya jambo lingine. Anawageukia wakata kuni na kuwauliza kuhusu yule bibi kizee: anakaaje peke yake katikati ya msitu, nani anamtazama? Wanababaika. Watu walisema ni mchawi, kwa hiyo hawakwenda. Anawaambia wamjengee nyumba karibu na kijiji.

Mama hakusema kitu. Nje mvua ilikuwa inapiga kioo cha dirisha. Nyumba ya jirani wa kwanza ilikuwa mbali vya kutosha kwamba usiku huoni taa yake. Nilikuwa nimefanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka 7, nimeingia nyumba nyingi za namna ile mwisho wa barabara, nimekuta friji tupu na kadi za sikukuu za mwaka juzi, na sikuwahi kukutana na kitabu kinachouliza swali langu kwa sauti. Tena kitabu cha kuchekesha. Naamini ndiyo nguvu ya vitabu hivi: kicheko kinamfungua mtu kifua, na akishafunguka ndipo swali linapopita. Lingekuja lenyewe, bila utani, tungekwisha kujikaza kabla halijafika.

Adui katika kitabu kile ni mwanamke anayeamini anatenda mema. Anataka kila mtu aishi katika hadithi na apate mwisho mzuri, atake asitake. Mjini kwake mtengeneza midoli anakamatwa kwa sababu hapigi mluzi wala kuwasimulia watoto hadithi, kama mtengeneza midoli wa kwenye hadithi anavyopaswa kufanya. Ella lazima aolewe na mwana wa mfalme kwa sababu hadithi inaishia hapo. Hakuna anayemuuliza anataka nini. Na mwishoni, Granny Weatherwax anapokuwa amenaswa katikati ya vioo visivyo na idadi, kila kimoja kina sura yake, anaulizwa yupi ni wa kweli. Anajitazama, anajibu: huyu hapa. Mama aliniambia rudia hapo. Nikarudia. Akasema tena. Nikakisoma kipande kile mara tatu usiku ule.

Wakati huo mgongo wangu ulikuwa umeharibika. Kuinua watu wazima kila siku kuna gharama yake. Asubuhi nilikuwa naamka kwa kujiviringisha kwanza ubavu, ndipo nishushe miguu. Nyumbani walikuwa wanajua habari moja tu, ya binti aliyekwenda Ulaya: anatuma, nyumba inapanda, msingi, kuta, lenta, sasa bati. Nilishawahi kumwambia kaka kwenye simu kwamba mgongo unanisumbua, akasema pole, na sentensi iliyofuata ilikuwa bei ya mbao za kenchi. Nilimkasirikia muda mrefu. Baada ya kitabu kile hasira ilipungua, kwa sababu niliona kwamba kaka hakuwa mtu mbaya. Hadithi ilikuwa imetuvaa sote, yeye na mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeilisha kwa picha zangu nikiwa nimevaa koti zuri mbele ya kanisa kuu la Salisbury.

Nikampigia. Nikasema, "Kaka, shikamoo. Mwezi huu situmi, na unaokuja situmi. Naumwa, nataka kutibiwa." Kimya kikapita mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Marahaba. Pole mdogo wangu. Bati litasubiri." Siku mbili baadaye shemeji yangu alinitafuta, tukaongea saa nzima, na habari za nyumba hazikutajwa.

Tulipomaliza kitabu kile tukaendelea na vingine vya namna hiyo. Dealing with Dragons cha Patricia Wrede, cha mwaka 1990, kina binti mfalme anayetoroka mwenyewe kwenda kuishi na joka, anampikia, anampangia vitabu vyake, na kero yake kubwa ni mashujaa wanaokuja kumwokoa bila kuitwa. Hicho nampendekezea kila mtu mwenye binti wa miaka kumi na kuendelea. The Princess Bride cha William Goldman, cha mwaka 1973, kinajifanya ni ufupisho wa kitabu kirefu cha zamani ambacho hakijawahi kuwapo. Mama alikipenda kuliko mimi.

Ilikuwa katika kupangusa vumbi kwenye rafu yake ndipo nilipotoa kitabu kikuukuu chenye jalada la rangi ya zambarau lililopauka. Ni kimojawapo cha mkusanyo wa Andrew Lang, vitabu 12 vya hadithi za mataifa vilivyopewa kila kimoja rangi yake; hiki ni cha mwaka 1901. Mama alisema alisomewa hicho na baba yake alipokuwa mdogo, kuna hadithi moja humo ilimliza sana, ya paa, yule mnyama wa porini. Nikafungua. Maskini mmoja anayechakura jaani anaokota thumni, ananunua paa. Nilikaa chini na kitambaa cha vumbi mkononi.

Ni Kisa cha Sultani Darai. Hadithi ile mmisionari wa Kiingereza, Edward Steere, aliichapisha London mwaka 1870, katika mkusanyo wa ngano alizozipata Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na Lang akaichukua kutoka humo. Bibi yangu mzaa mama alitusimulia hiyohiyo kwenye mkeka, Pangani, bila kuwahi kumsikia Steere. Paa anamtafutia bwana wake mke, binti wa sultani. Anamuua nyoka wa vichwa saba, anampatia bwana wake jumba la nyoka na mali yote. Kisha paa anaugua, na bwana anasema apewe uji wa mtama, kwani si nilimnunua kwa thumni tu? Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Sultani anakuja kumzika kwa heshima, na bwana yule anajikuta asubuhi yuko tena jaani anachakura.

"Mama," nikamwambia, "bibi yangu alikuwa na namna yake ya kuisimulia."

Nikamweleza kwanza kwamba bibi alikuwa amefanya kazi ya yaya na mpishi katika nyumba moja Tanga mjini, miaka mingi, mpaka miguu ilipovimba akaambiwa apumzike kwao, na kifurushi cha unga. Hayo niliyajua ukubwani, mama yangu aliponihadithia. Sisi watoto tulichojua ni kwamba siku moja bibi alianza "Paukwa!", tukaitikia "Pakawa!", akaenda na kisa kile kama siku zote, na alipofika kwenye uji akasimama. Tukajua sasa paa anakufa. Tulikuwa tumeshaanza kununa. Bibi akainua mabega, akafanya sauti ya paa, na wote tukaangua kicheko, isipokuwa binamu yetu aliyetoka Dar likizo, ambaye alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo na akawa anauliza, "Mbona mnacheka? Kuna nini?"

Mama alikuwa amefumba macho ananisikiliza, mkono juu ya kitabu cha zambarau.

"Wakamletea paa uji wake," nikasema, "kwenye kifuu kilichovunjika. Paa akautazama. Akautazama tena. Akajifunua shuka. Akakaa kitako. Akasema: Bwana wangu, mke nimekuposea, nyoka nimekuulia, nyumba nimekupa. Uji huu..."

Naye Mama alikuwa ameshaanza kucheka, mabega yanamtikisika, mkono unatafuta wangu juu ya blanketi, na mimi bado sijafika paa alipoinuka akaenda zake.